Kijiko Kilichopigwa Rangi na Kofia ya Mume Wangu

Bi Mwanne, shikamoo. Nisamehe kwa kukuandikia harakaharaka tena kwa simu, lakini leo ni Jumatatu na Ijumaa saa nne asubuhi natakiwa niwe yadi kule Gerezani kumalizia malipo ya mashine, na tangu Jumatano iliyopita sikai nikatulia, nikikaa nasimama, nikisimama naenda dirishani, asubuhi hii nimechemsha chai mara mbili na zote mbili nimezisahau jikoni, mume wangu ananiuliza una nini, nasema sina kitu, kumbe ninacho, kwa hiyo naomba nikumwagie wewe yote unisaidie kabla siku haijafika.

Naitwa Angelina, nina miaka arobaini na mbili, Mngoni wa Peramiho, naishi Ilala na mume wangu Steven na watoto wetu watatu. Kazi yangu ni bustani. Watu wakimaliza kujenga wananiita nisawazishe uwanja, nitandike nyasi, nipande miti na maua, na nyasi zenyewe nazilima shambani kwangu Mkuranga, ekari nne, pamoja na miche. Miaka tisa nimeifanya kazi hii kwa koleo na toroli na vibarua, sikuwahi kulalamika, hadi mwezi wa pili nilipokuwa na uwanja Kigamboni, tunasomba udongo wiki ya pili sasa, na nyumba ya jirani wakaleta kijiko kidogo, kile cha magurudumu manne kisicho na usukani, kinachogeuka palepale kiliposimama, mafundi wanakiita skidi loda, kikasawazisha uwanja mkubwa kuliko wangu kwa siku moja na nusu. Mwenye nyumba wangu akasimama ukutani anatazama, Bi Mwanne, anatazama upande wa pili na mimi niko huku na koleo langu, na kazi ya nyumba yake ya pili hakunipa. Siku hiyo ndiyo mdudu aliniingia.

Nikamwambia Steven tutafute kijiko kidogo cha mtumba. Steven ameendesha foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala miaka kumi na moja, levu anazijua hata akifumba macho, akasema tusiajiri dereva, nitaendesha mwenyewe. Goti lake la kulia si zima, ngazi anapanda taratibu, lakini akishakaa kwenye kiti hana mpinzani. Basi akaaga kazini. Mwisho wa mwezi uliopita wenzake wamemfanyia na keki, wameandika kwa krimu "Kila la heri Bosi", amerudi nayo nusu nyumbani amevaa ile kofia yake ya kijani ya kazini ambayo haimtoki kichwani, nami nikamwona mume wangu ana furaha ambayo sijaiona siku nyingi. Kwa hiyo kurudi nyuma haiwezekani, mashine lazima ipatikane.

Tumeona mashine mbili. Ya kwanza ni ya Mzee Chandu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, ambaye anafunga ghala lake kwa sababu ya umri na wajukuu hawataki biashara ya mchanga na kokoto. Bi Mwanne, mashine ile ni mbaya kuitazama. Rangi imekwisha, ndoo imekula kutu, kiti kimechanika sponji liko nje. Mzee mwenyewe hana maneno matamu. Nilimwambia, baba, tuwashie basi tuisikie, akasema, "Siwashi mimi. Weka mkono kwenye injini. Ni baridi? Haya, washa mwenyewe." Steven akawasha, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe kidogo, ikatulia. Mjukuu wake, dada mmoja anaitwa Megha, akatuletea daftari limeandikwa kila walipobadilisha mafuta na chujio. Halafu mzee akaniuliza, "Mageti ya wateja wako yana upana gani?" Nikasema sijui. Akaniuliza, "Huko shambani ni mchanga au udongo mfinyanzi?" Nikasema mchanga. Akaguna. Nikaona mzee huyu ananidharau, mimi nimekuja kununua, yeye ananipa mtihani, nikamwambia Steven twende zetu.

Ya pili iko yadi Gerezani, anaiuza kaka mmoja anaitwa Bryson. Hiyo sasa. Ya njano inang'aa, matairi yamepakwa dawa meusi tititi, kiti kipya kina nailoni bado, tulifika tukaikuta inanguruma taratibu, tukaletewa viti na soda baridi, na Bryson akaniita "mama mkandarasi". Mimi wa toroli nikaitwa mkandarasi mbele ya mume wangu. Sikufichi, ilinikaa vizuri. Steven akapanda, akainua ndoo, akashusha, akazungusha mashine mara mbili, akashuka anacheka peke yake.

Lakini sisi hatununui chombo bila fundi wetu, ndiyo taratibu, na fundi wetu ni Nurdin. Nurdin ni Mngindo wa Liwale, tulipanga nyumba moja Ilala nikiwa msichana, miaka kumi na nane sasa tunafahamiana, mashine za haidroliki, hizi zinazonyanyua kwa nguvu ya mafuta, ndiyo mkate wake. Na kama unavyojua, Mngoni na Mngindo ni watani. Kwa hiyo huyu bwana tangu nimjue hajawahi kusema neno jema juu ya kitu changu chochote. Nilinunua friji, akasema hilo jeneza la samaki. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, akachungulia akasema kumbe Wangoni mnazaliwa na nywele. Siku ya harusi yangu alisimama ukumbini akatangaza kwamba bwana harusi miguu yake ya kukodi, irudishwe kabla ya saa sita. Akiingia kwangu anafunua sufuria anachukua nyama, anasema ni kodi, mababu zenu walikuwa wanatubebea mizigo. Nami simwachii, namwambia Mngindo anajua mashine gani zaidi ya jembe. Mtani haudhi wala haudhiki, ndivyo tulivyolelewa.

Basi Jumatano iliyopita nikampeleka yadi. Akaizunguka ile mashine ya njano, akatandika gunia akalala chini yake, akatoka, akamwomba Steven anyanyue ndoo, akasimama kando anaitazama muda mrefu huku anajifuta mikono. Bryson na mafundi wa pale na wapita njia wote wametuzunguka. Nikamwambia, haya Mngindo, sema. Akasema kwa sauti, "Mngoni, nunua, mbona unachelewa. Huu mkono umechoka, unanyanyuka kidogo halafu unashuka wenyewe. Ukishuka na shemeji yuko chini, mimi nitakuja msibani kuchukua ile kofia ya kijani, nitaivaa, na ubwabwa uwe wa nazi."

Yadi nzima ikaangua kicheko. Bryson alicheka hadi akashika mbavu. Steven alicheka. Na mimi nilicheka, nikamjibu kwamba kofia hiyo haiingii kwenye kichwa cha Mngindo, wakacheka tena, na saa hiyohiyo nikatoa advansi ambayo Bryson aliniandikia kwenye risiti kwamba hairudi.

Tulipotoka nje ya geti nikampa Nurdin hela yake ya ukaguzi. Akakataa. Akasema, "Kamnunulie shemeji soda," akaondoka kuelekea kituo cha mwendokasi. Bi Mwanne, hapo ndipo wasiwasi ulipoanzia, kwa sababu mtu huyu tangu nimjue hajawahi kukataa hata pipi ya dukani. Ananidai hata nisichodaiwa. Na siku hiyo akaacha hela halali ya jasho lake mkononi mwangu.

Alhamisi nikampigia. Nyuma nasikia nyundo na watu, nadhani alikuwa kazini, na mara nyingi kazi zake anazipata pale pale yadi kwa kina Bryson. Nikataka kumwuliza vizuri, akaanza, "Haya mtumwa wangu, umeshapika huo ubwabwa?" nami nikajikuta namjibu utani, mdomo umeshazoea, tukakata simu sijauliza kitu. Nikamwambia Steven, yeye akanishangaa, akasema, "Huyo mtani wako ni lini amewahi kusifia kitu chako? Angesema mashine nzuri ndiyo ningeogopa." Na kwa kweli hapo ana hoja.

Jumamosi nikapita mwenyewe Gerezani, nilikuwa nafuata mipira ya maji, nikachungulia yadi. Mashine ipo, mkono wake uko juu, na chini yake wametegesha kipande cha boriti. Nikamwuliza mlinzi, akasema wanaiweka vile ipendeze, wateja waione ndoo kutoka barabarani.

Sasa naomba unishauri. Kipi kinafaa kwa shamba na bustani, hiki cha njano ambacho nimeshatolea advansi, au kile cha Mzee Chandu chenye kutu ambacho nikikipeleka kwa wateja wangu naona aibu? Je, rangi nzuri si dalili kwamba kimetunzwa? Na mtani wako akizungumza, mtu unajuaje kama leo anasema kweli? Nikimfuata kumwuliza kwa uso mkavu naona kama nitakuwa nimeuvunja utani wetu wa miaka yote, atasema Mngoni amekasirika. Nisaidie Bi Mwanne, Ijumaa inakuja mbio.

Angelina, Ilala

*

Marahaba, Angelina. Wasomaji wangu mjue kwamba Ijumaa haisubiri gazeti, kwa hiyo majibu haya nilimtumia dada yetu kwa simu Jumatatu ileile mchana, na ninayachapisha kwa ruhusa yake kwa sababu nyote mnaonunua vyombo vya mtumba mnahitaji kusutwa pamoja naye.

Zima jiko kwanza, Angelina. Kisha ukae.

Umeniandikia barua ndefu kuliko hati ya kiwanja. Umenieleza soda, keki, nailoni ya kiti, dawa ya matairi na jina la ukandarasi ulilopewa bure. Boriti umeiandikia mistari miwili mwishoni. Mimi nimeanza kuisoma barua yako kutokea hapo kwenye boriti, na nimesimamisha kazi nyingine zote.

Mimi si fundi, lakini nimezaliwa hapo hapo Gerezani, baba yangu alikuwa karakana ya reli miaka thelathini, na alirudi kwetu na vidole nane. Alitufundisha sote, hata sisi wasichana, kwamba chuma kilichonyanyuliwa hakina rafiki. Mashine nzima ikiegeshwa, mkono wake unalazwa chini, ndoo inagusa ardhi. Ukiukuta mkono uko juu umewekewa boriti, uliza boriti inazuia nini. Labda walikuwa wanaitengeneza. Sawa, lakini huyo Bryson si anakuuzia kama mashine isiyo na tatizo? Anatengeneza nini? Na maneno ya mlinzi usiniletee. Mlinzi analinda geti, hakuajiriwa kueleza jeki zinazonyanyua mkono.

Sasa nikuulize jambo ambalo wewe hukuniuliza. Kijiko kile hakina mlango wa ubavuni. Ulimwona mumeo alivyopanda? Aliingilia mbele. Alikanyaga ndoo, akapita katikati ya ile mikono miwili, akageuka, akakaa. Kushuka ni njia hiyohiyo. Bustani ni kazi ya kushuka na kupanda, anashuka kuondoa jiwe, anashuka kusema na mwenye nyumba, anashuka kunywa maji, mara ishirini kwa siku, na siku nyingine mkono utakuwa juu kwa sababu amesahau au kwa sababu ndoo ina mzigo. Mume wako ana goti bovu. Wewe mwenyewe umesema anapanda taratibu. Umeniuliza kama mashine inafaa shamba, inafaa bustani, inafaa macho ya wateja. Kama inamfaa Steven hukuuliza popote.

Nakuonea huruma, sitanii. Najua ilivyo kusimama na koleo huku mtu anatazama ukuta wa pili. Najua raha ya kumwona mume anacheka peke yake. Lakini hasira ya Kigamboni ndiyo iliyokununulia ile mashine, macho yako yalikuwa bado ukutani kule. Na Steven anaitetea ile rangi kwa sababu keki ameshaila, hawezi kurudi kuwaambia wenzake kwamba amekosa mashine. Nyote wawili mna aibu, na aibu haijawahi kukagua chombo.

Tuje kwa Nurdin. Unaniuliza mtu utajuaje mtani anaposema kweli. Dada yangu, hakukufumbia kitu. Friji aliita jeneza, huo ni utani, friji haikuwa jeneza. Miguu ya Steven aliita ya kukodi, huo ni utani, ni yake. Lakini Jumatano alitaja mkono, akasema umechoka, akasema unanyanyuka halafu unashuka wenyewe, akamtaja na atakayekuwa chini. Hayo ni majibu ya ukaguzi, tena majibu kamili, ila tu yaliletwa na kicheko. Wewe uliyempeleka fundi akague, ulipopewa jibu ukalijibu kwa kichwa cha Mngindo.

Ulitaka aseme nini mbele ya Bryson? Fundi anayepata kibarua yadi ile akisimama kwa maneno makavu akaharibu biashara ya wenyewe, kesho geti anafungiwa, na watoto wake wanakula kama wako. Utani ulikuwa ndiyo njia aliyobakiwa nayo, akaipita, akiamini Mngoni wake wa miaka kumi na nane atamsikia. Hukumsikia. Ukatoa advansi mbele ya macho yake. Halafu unashangaa kwa nini hakutaka hela. Mtu amekwambia ukweli ukamcheka, ukaenda kununua kilekile alichokukataza, achukue hela ya nini? Mimi pia ningekuachia.

Kwa hiyo leo, si kesho, nenda nyumbani kwa Nurdin. Usiende yadi na usipige simu, simu imeshakushinda. Nenda na Steven, tena Steven lazima, asije akapewa habari nusu. Ukifika, akianza kukuita mtumwa wake, mwambie, "Nurdin, utani pembeni, nimekuja kusikia." Halafu ufunge mdomo wako wa Peramiho hadi amalize. Utani wenu hautavunjika. Utani unaovunjika kwa swali moja la kweli haukuwa utani, ulikuwa kelele. Na ile hela ya ukaguzi mpelekee tena. Akiipokea, ujue mmepatana.

Kesho Jumanne, yadi inapofunguliwa tu, mwende bila kutoa taarifa. Usikubali kiti, usikubali soda. Fanya alichokufundisha yule mzee uliyemkimbia, weka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Uliikuta inanguruma siku ile kwa sababu injini iliyokwisha pata moto huficha mengi, uvivu wa kuwaka asubuhi haukuuona. Ikishawaka, mwambie Steven ajaze ndoo mchanga, ainue hadi usawa wa kifua, azime, abaki kitini asishuke hadi ndoo irudishwe chini, na kuanzia hapo hakuna mguu wa mtu unaopita chini yake. Pigeni alama ya chaki ukutani mahali ndoo ilipo. Kanunue kahawa kikombe kimoja, unywe pole pole, urudi utazame alama. Ndoo ikiwa imeiacha chaki juu, shughuli imekwisha, msibishane na mtu.

Kuna na kile chuma cha kulaza mbele ya tumbo ukikaa. Kikiwa kimeinuliwa, levu hazitakiwi kufanya kitu. Zikifanya, ujue kuna mtu ameunga waya dairekti kuipita swichi ya usalama, na aliyeunga waya huo hamjui mumeo wala hamtaki heri. Mtazame pia sehemu mkono unapoungana na bodi, kwenye pini na bushi, zile pete za chuma zinazoishika pini. Rangi mpya juu ya grisi ya zamani ni poda juu ya jasho. Na kama mita inasema mashine imefanya kazi saa chache wakati pedali zimelika hadi zinateleza, amini pedali.

Bryson atakuambia advansi hairudi, imeandikwa. Ni kweli imeandikwa, nawe uliipokea risiti mkononi. Iombe kwa ustaarabu, mbele ya shahidi, na chaki yako ukutani ikusaidie kusema. Akiirudisha, mshukuru. Akikataa, iache na uondoke, itakuuma mwaka mmoja. Usijaribu kuikomboa kwa kununua mashine yote, maana huko ndiko watu wengi wanakozama, wanafuata shilingi iliyoanguka chooni kwa kuruka na wao.

Na Mzee Chandu hakukudharau hata kidogo. Aliuliza upana wa mageti kwa sababu kijiko kisichopita getini hakisawazishi uwanja, kinabaki barabarani watoto wanakipanda. Aliuliza mchanga kwa sababu matairi ya Kariakoo kwenye mchanga wa Mkuranga yatazama, yanataka mapana zaidi. Yule alikuwa tayari anakufanyia kazi na wewe umenuna kwa sababu hakukuita mkandarasi. Nunua futi ya fundi, pita kwa wateja wako wanne ukapime mageti, kisha rudi kwake na Nurdin. Mwanzie shikamoo, uombe radhi ya kuondoka vile. Muulize kama mashine ina mirija ya ziada ya haidroliki pale mbele, maana bila hiyo hutafunga kile kidude cha kutoboa mashimo ya miti, na wewe miti ndiyo kazi yako. Halafu na yeye mpigie chaki. Daftari la Megha ni zuri lakini daftari halishiki mkono juu. Ndoo ikiiacha alama hata kwake, hununui kwake pia, na Steven atarudi kuendesha foko miezi mitatu ya kutafuta. Keki ililiwa, haikuwa kiapo.

Kutu isikutishe. Kutu ya ndoo inapakwa rangi Jumamosi moja, tena rangi unayoitaka wewe.

Nimalizie na hiyo kofia, maana ndiyo iliyoninyima raha tangu nisome barua yako. Mimi nimekaa misiba mingi ya watu wa kusini, na wewe umekaa mingi kuliko mimi. Unajua kazi ya mtani pale. Ndugu wanalia ndani, na yeye anaingia uani amevaa nguo ya marehemu, anamwigiza anavyotembea, anavyoita watoto, anavyodai chakula, hadi mjane anacheka na machozi yako shavuni. Nurdin aliposema ataivaa ile kofia ya kijani, hakuwa anatafuta kichekesho. Alikuwa ameutazama ule mkono unashuka, akaiona siku yenyewe, akajiona uani kwako anachechemea kwa goti la kulia, na wewe umekaa kwenye mkeka.

Haki yake hiyo anayo, hakuna atakayemnyima, siku ikifika, tuombe iwe baada ya miaka mingi, Steven akiwa mzee asiye na jino. Wewe usimkabidhi kofia Ijumaa saa nne.

Bi Mwanne